Nusu Saa Yake, Nusu Saa Yako

Kwenye mlango wa studio ya redio palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa plasta za jeraha, kwa kuwa gundi ilikwisha siku ile na hakuna aliyekumbuka kununua nyingine. Kichwa chake kiliandikwa kwa kalamu nyekundu: WASIORUHUSIWA HEWANI. Majina yalikuwa saba. La saba, lililopigiwa mistari miwili chini yake, lilikuwa la Mzee Darubini.

Jumatatu moja asubuhi, binti mmoja aliibandua karatasi ile, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Yeye ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa kipindi cha afya na sayansi. Pale kazini wote walimwita Wakili, ingawa alichosomea chuoni ni baiolojia. Jina alilipata mwezi wake wa kwanza, pale paka alipokula samaki wa fundi mitambo, na yeye akasimama kumtetea paka kwa hoja tatu, mpaka fundi mwenyewe akacheka na kusahau njaa yake.

"Umebandua nini mlangoni?" aliuliza Bosi, mkuu wa kituo, akipapasa meza kutafuta miwani iliyokuwa juu ya paji la uso wake.

"Aibu yetu, Bosi. Na miwani iko kichwani."

"Aibu hiyo ndiyo imetuweka hewani miaka kumi na moja." Aliishusha miwani na kumtazama vizuri. "Unataka kumrudisha yule mzee, siyo? Sema tu, ili presha inipande mapema."

Mzee Darubini alifanya kazi maabara ya hospitali kwa miaka thelathini. Alipostaafu alibaki na hadubini moja kuukuu na wazo moja alilolishikilia kwa mikono miwili: kwamba presha si ugonjwa, ni kiu ya mwili tu, na kwamba mtu akinywa vikombe tisa vya maji ya uvuguvugu kila siku anaweza kuachana na vidonge kabisa. Hakuuza dawa wala maji. Alichotaka ni kusikilizwa.

Miaka miwili nyuma aliwahi kualikwa redioni. Alipofika kwenye maneno "na ukiacha vidonge, siku ya nane utaona," Bosi aliingia studio mbio, akashusha kitufe cha sauti na kupiga muziki. Ndipo moto ulipowaka. Mtu alikuwa amerekodi, na kile kipande kikatembea simu hadi simu, kimepewa jina "Walichokificha." Siku ya nane utaona nini? Kila mtu aliijazia siku ya nane ya kwake. Wako waliosema macho yanarudi kuwa ya kijana. Wako waliosema hata sukari inakwisha. Mzee wa watu, ambaye zamani alipita barabarani bila kusalimiwa, sasa alisimamishwa kila kona.

"Tulimziba mdomo, na tangu hapo anasikika zaidi yetu," Wakili alisema. "Tumlete. Tumlete na Daktari pia. Nusu saa yake, nusu saa ya Daktari, sawasawa kwa saa ya kuhesabia dakika, hakuna kuingiliana. Watu wana akili zao, Bosi. Wakisikia pande zote mbili watapima wenyewe."

Bosi aliipangusa miwani kwa shati. Alikuwa mtu wa hasira fupi na moyo laini, na vyote viwili vilimchosha.

"Haya," alisema shingo upande. "Lakini likituharibikia, usije ukanitetea mimi. Ujitetee mwenyewe."

Kipindi kilirushwa Jumamosi. Saa nne na nusu Mzee Darubini aliketi mbele ya kipaza sauti, koti limepigwa pasi, daftari lake jeusi limelala magotini. Aliongea kwa utaratibu, kwa sauti ya mtu aliyengoja miaka. Hakuna aliyemkatiza. Wakili alikaa upande wa pili wa kioo, saa ya kuhesabia mkononi, na dakika ya thelathini ilipotimia aliinua kidole; mzee akamaliza sentensi yake kwa heshima. Ukalia mlio wa taarifa ya habari ya saa tano. Dakika kumi za habari. Kisha akaingia Daktari wa hospitali ya wilaya, mwanamama mwenye haraka, akazipangua hoja za mzee moja baada ya nyingine kwa nusu saa kamili. Sekunde kwa sekunde walikuwa sawa.

Wakili alitoka studio kichwa juu. Njiani kurudi nyumbani alitabasamu peke yake hadi muuza mkaa akamuuliza kama ameposwa.

Nyumbani kulikuwa kwa shangazi yake, dada wa baba yake, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Shangazi alishonea sebuleni, dirisha upande wa kushoto, redio kwenye rafu upande wa kulia, na kopo la vifungo miguuni.

"Ulisikiliza, Shangazi?"

"Nilisikiliza, mwanangu. Umefanya kazi nzuri sana. Yule mzee anaeleza mpaka mtu kama mimi naelewa."

Wakili alimkumbatia kwa nyuma, akambusu utosi wenye mvi, akaenda kubadilisha nguo. Hakuuliza zaidi. Laiti angeuliza.

Wiki zilizofuata aliona birika haliondoki jikoni. Kila akipita, Shangazi ana kikombe mkononi.

"Siku hizi unakunywa maji kama ngamia anayesafiri kesho," Wakili alimtania.

"Nangoja kukushangaza," Shangazi alijibu, akicheka ndani kwa ndani, macho kwenye pindo.

Wiki ya tatu, Jumanne, jirani alimpigia simu kazini. Alikuwa amefuata gauni lake, akamkuta Shangazi ameinamia cherehani, shavu juu ya kitambaa, mguu bado unakanyaga bila kushona kitu.

Hospitalini Daktari alikuwa yule yule. Alimpima, akampima tena, akaandika, ndipo akamvuta Wakili pembeni ya pazia.

"Ni kiharusi. Si kikubwa, lakini upande wa kulia umeguswa. Vidonge vya presha aliacha lini?"

"Hajaacha, Daktari. Anakunywa kila asubuhi."

 Daktari alimtazama, kisha akatazama kitanda. Mdomo wa Shangazi ulikuwa umeteremka upande mmoja, na maneno yalitoka yakiburuta.

"Siku ya... kipindi chako," alisema. "Viko ndani ya kopo. La vifungo. Nilitaka siku ya kliniki... nikuonyeshe presha imeshuka."

"Lakini Daktari alijibu yote, Shangazi! Alieleza kila kitu, baada ya taarifa ya ha..."

Hakuimalizia. 

Katika nyumba ile taarifa ya habari haikusikilizwa. Wakili alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Mume wa Shangazi alifia machimboni, na msomaji habari alilitaja jina lake redioni kabla mtu yeyote hajapiga hodi mlangoni. Tangu siku ile, mlio wa habari ukianza tu, mkono wa Shangazi ulikwenda kwenye redio na kuizima, na haikuwashwa tena hadi jioni. Wakili alikulia katika jambo hilo. Aliliona maelfu ya mara, kama mtu anavyoona ukuta wa chumba chake. Kisha akaenda kazini, akapanga uwongo mbele ya habari na ukweli nyuma yake, akapima dakika, akaita haki.

"Nilidhani," Shangazi alisema, machozi yakishuka kwenye shavu lisilotii, "kama si kweli, wewe usingemruhusu."

Kesho yake Bosi aliweka karatasi mpya juu ya meza ya Wakili. Ilikuwa tupu. Pembeni aliweka kalamu nyekundu.

"Pole kwa Shangazi. Nasema kwa moyo wangu wote." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo liliuma zaidi. "Lakini hii utaiandika wewe, kwa mkono wako. Anza na jina lake. Nakupa hadi Ijumaa ijayo. La sivyo kipindi nakifunga."

Wakili aliishika kalamu. Kuandika lile jina kungemchukua sekunde tatu. Aliona mkono wa Shangazi umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Mkono ule ulimshonea sare za shule zote, kuanzia darasa la kwanza. Aliandika herufi ya kwanza. Kisha akatupa kalamu, akachukua mkoba, akaenda nyumbani kwa Mzee Darubini kumwambia ana kwa ana yote yaliyomjaa kifuani.

Alimkuta sebuleni, hadubini juu ya meza imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hakumwamkia.

"Shangazi yangu aliacha vidonge kwa ajili yako. Sasa hawezi kushika sindano."

Mzee alikaa polepole, kama kiti kilikuwa mbali. "Yu hai?"

"Yu hai."

"Alhamdulillahi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa na presha ngapi alipoanza? Alikunywa vikombe vingapi?"

"Mzee! Hata sasa unaniuliza vikombe?"

"Sina namna nyingine ya kuuliza, binti yangu. Hii ndiyo kazi niliyofundishwa." Alilisogeza lile daftari jeusi mbele yake. "Nitukane, nastahili. Lakini soma."

Wakili alilifungua ili apate kitu cha kurarua. Badala yake alijikuta anasoma. Watu arobaini na mmoja, kila mtu na mstari wake, mwandiko safi wa maabara: siku, vikombe, presha. Namba nyingi zilishuka kweli. Lakini chuo kilikuwa bado hakijamtoka kichwani. Mstari wa kumi na mbili uliishia siku ya kumi. Wa kumi na saba uliishia siku ya sita. Aligeuza kurasa, akihesabu kwa kidole.

"Huyu wa kumi na mbili alikwenda wapi?"

"Hakurudi tena kupimwa."

"Na huyu?"

"Naye vilevile."

"Wako kumi na watano, Mzee. Kumi na watano waliishia njiani. Katika hesabu yako umewaweka wapi?"

Mzee alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Niliwaweka na waliopona. Niliona mtu akipata nafuu, ananisahau. Ndivyo watu walivyo."

"Au yuko hospitali. Au amezikwa."

Mzee alilivuta daftari, akapitisha kidole mwenyewe kwenye ile mistari mifupi, akihesabu upya.

"Mbona hukujiuliza jambo dogo hivi?" alimwuliza, sauti imeshuka. "Miaka thelathini ya maabara!"

"Mtu hajiulizi lile asilotaka kulijua. Anaulizwa." Mzee aliongea akitazama meza. "Nilipeleka daftari hili hospitali mara tatu. Walinicheka mlangoni, hakuna aliyelifungua. Ninyi mkanikata katikati ya sentensi. Waliobaki kunisikiliza ni wale wa kunipigia makofi tu. Kisha ukaja wewe, nikafurahi. Ukanipa nusu saa nzima, na katika nusu saa hiyo hukuniuliza swali hata moja."

Wakili alichukua mkoba wake, akaondoka bila kumaliza aliyokuja kusema.

Mzee alifunga safari kuwatafuta wale kumi na watano. Wiki nzima alitembea, koti lile lile, akibisha hodi mtaa kwa mtaa. Jumatano alifika kituoni akiwa amepungua, akafungua daftari juu ya meza ya Bosi bila kukaribishwa. Aliwapata tisa. Watano walirudi hospitali kimyakimya kwa kuona haya. Wanne walikuwa wamekufa.

"Nataka kulisema hili hewani," alisema. "Kisha niandikeni kwenye karatasi yenu mtakavyo."

"Hapana!" Bosi alisimama. "Ukikanyaga tena studio yangu, nitakuwa nimekula matapishi yangu mara mbili."

"Bosi, wako wanaokunywa maji leo hii, kwa sababu ya siku ya nane," Wakili alisema. "Jina lake kwenye mlango wetu watalisomaje? Watasema tunaficha tena. Nipe saa moja. Meza moja, yeye na Daktari, swali kwa jibu. Na habari ya saa tano tuisogeze."

"Habari haijasogezwa tangu kituo kifunguliwe!"

"Najua. Ikiharibika, jina la kwanza kwenye karatasi liwe langu."

Bosi alianza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Walijua amekubali.

Daktari alikubali pia, kwa sharti lake. "Sitambembeleza. Nitamuuliza mpaka aniombe maji."

Jumamosi hiyo waligusana viwiko kwenye meza ndogo ya studio. Daktari aliuliza kwa ukali, na mzee alijibu mstari kwa mstari. Alipofika mstari wa kumi na mbili alisoma siku, vikombe, presha, kisha akasema mtu huyo alifariki siku ya kumi na tatu, na kwamba yeye mwenyewe alimhesabu amepona. Daktari alikuwa na swali lingine tayari. Alilimeza. Baadaye kidogo akauliza, kwa sauti tofauti, kama namba zilizoshuka zilikuwa za watu walioacha vidonge kweli. Mzee akakiri kwamba alipokwenda kuwauliza majumbani, wengi walicheka wakasema waliendelea kumeza kwa siri, wasimvunje moyo.

Saa tano kamili ilifika. Wakili aliutazama mshale ukipita juu ya kumi na mbili na hakuna mlio uliolia. Akamfikiria Shangazi, aliyeruhusiwa kurudi nyumbani juzi: rafu, redio, na mkono mmoja.

Kisha wakafungua simu. Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kujiamini.

"Mzee wetu, sisi tunakujua. Wamekutishia, siyo? Kama wamekushika, kohoa mara mbili."

"Hakuna aliyenishika, ndugu yangu. Nilikosea. Rudini kwenye vidonge, nawaomba..." Sauti ilimkatika. Alikuwa ameongea karibu saa nzima, na kilio alichokizuia tangu mstari wa kumi na mbili kilikuwa kimekaa kooni. Akakohoa. Akajaribu kusema, akakohoa tena.

"Mmesikia wenyewe!" alipaza yule mtu, na simu ikakatika.

Bosi alishika kichwa nyuma ya kioo. Daktari alimsogezea mzee glasi ya maji, na hakuna aliyethubutu kutabasamu. Kabla kipindi hakijaisha, kipande kile cha kikohozi kilikuwa tayari kinatembea simu hadi simu.

"Unaona haki yako, Wakili?" Bosi alisema alipotoka. Hakumzomea. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Ukinyamaza, wanajaza. Ukisema, wanajaza pia. Sasa tufanye nini?"

"Sijui, Bosi," alijibu. "Ila wamepiga kumi na wanane. Aliyetaka kikohozi ni mmoja. Wawili wameuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi."

"Wawili."

"Wawili, Bosi."

Karatasi ilibaki juu ya meza na ile herufi moja. Bosi hakuichukua, wala hakusema itupwe.

Alirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, akiogopa kufika. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya cherehani, mkono wa kulia umelala mapajani. Redio ilikuwa inaongea. Jirani, yule wa gauni, alikuwa amekaa mkekani, simu mkononi.

"Huyu amekuja kunisikilizisha kikohozi," Shangazi alisema. Maneno bado yaliburuta, lakini yalifika. "Ati ni ishara. Nimemwambia yule ni mzee, amekauka koo. Nikamuuliza, ulisikiliza kipindi, au umesikia kikohozi tu? Kumbe kasikia kikohozi tu! Basi nimemkalisha namsimulia. Tuko mstari wa kumi na saba."

"Anasimulia polepole, mpaka nimesahau mboga motoni," jirani alilalamika, lakini hakuinuka.

Wakili alipiga magoti karibu na kiti.

"Saa tano mkono ulikwenda wenyewe," Shangazi alimwambia kwa sauti ya chini. "Huu wa kushoto. Sikuufundisha, lakini ulikwenda. Ukakaa juu ya kitufe unangoja mlio. Haukuja. Nimesikia mpaka mwisho, mwanangu. Tangu mume wangu afe sijawahi kusikia kitu mpaka mwisho."

"Nisamehe, Shangazi."

Shangazi aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda, kama mtu anayemngoja mgeni aliyechelewa.

"Siku nyingine," alisema. "Leo bado nina hasira na wewe." Kisha, kwa mkono wa kushoto, akachomoa sindano kwenye kijimto cha pini na kumpa. "Nitungie uzi. Mweusi. Nataka nione kama huu wa kushoto unafundishika."

Wakili alitafuta uzi mweusi ndani ya kopo la vifungo. Chini kabisa, kati ya vifungo vya makoti, vidole vyake viligusa karatasi za vidonge, na alipozitoa kwenye mwanga akaona tundu jipya: Shangazi alikuwa amemeza kidonge kimoja asubuhi ile.